Kijani Kwenye Jaruba la Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Njano tena. Jaruba la njaa, lile lisilotiwa salfa, lote njano asubuhi ya leo, hasa majani machanga ya juu. Ndivyo mpunga unavyolia ukikosa salfa. Ukikosa naitrojeni wanaumia wazee kwanza, majani ya chini. Ukikosa salfa wanaanza watoto. Nimepima rangi shina kwa shina mpaka kiuno kikagoma. Mbegu zangu zote nne zinadhoofika sawasawa, hakuna hata moja yenye ubavu.

Jaruba la juu, lenye mbolea ya salfeti, SA, limestawi mpaka linatia hasira. Mbegu zilezile, udongo uleule. Tofauti ni salfeti tu, ile salfa ambayo mmea unaweza kuinywa, na mfereji niliouchimba katikati ili maji yasichanganyike.

Dakta, msimamizi wangu, ameuliza tena nimepata nini. Nataka mbegu ambayo mizizi yake inaweza kukwangua salfeti kidogo iliyopo kwenye udongo maskini. Nisipoipata mpaka Pasaka, shamba linafungwa na mimi nahamishiwa kwenye mbu. Mbu! Ifakara nzima ukisema unafanya utafiti wanajua ni mbu. Hata kinyozi wa pale stendi ananiuliza habari za mbu.

Sitaki mbu. Nataka milango yangu.

Maana salfeti haipenyi yenyewe kuingia kwenye seli. Lazima ibebwe, na wanaoibeba ni ukoo mmoja mkubwa wa protini zilizokaa kwenye utando wa seli kama milango. Nikiufikiria ukoo huu nasisimka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Wako kwenye bakteria. Wako kwenye hamira. Wako kwenye mizizi ya mpunga, kwenye figo zangu, kwenye gegedu za magoti yangu haya yanayouma. Mmoja wao amehamia ndani ya sikio, kazi ya kubeba ameiacha karibu yote, siku hizi anajikunja na kujikunjua ili sauti ikue. Yaani mvua inayopiga bati sasa hivi naisikia kwa msaada wa ndugu yake mlango wa mpunga. Nani asiyesisimka?

Zuhura hasisimki. Ni fundi wa maabara na tunaishi nyumba moja. Amesema yeye amefunga, nimwachie masikio yake yapumzike.

Alhamisi, 6 Machi

Akina mama wa palizi wameanza. Kiongozi wao ni Bibi Sezaria, mama wa Kindamba mwenye sauti ya kwaya na mkono mwepesi kuliko wote. Nimewaeleza kwa nini jaruba la chini limenyimwa chakula. Nimechora mlango kwenye tope kwa kijiti. Wamecheka sana. Bibi Sezaria amesema hajawahi kuona mtu aliyesoma akilipwa kwa kuua mpunga.

Nimewasisitiza: palilieni tu, mbolea msitie. Wamenielewa. Kesho naenda Morogoro kufuata kemikali. Nimewaachia shamba.

Jumatatu, 17 Machi



Nimerudi jana jioni, leo alfajiri nimeenda shambani hata chai sijanywa. Jaruba la njaa. Katikati ya njano, KIJANI. Si jani moja. Mashina mazima, yapata dazeni mbili, yametawanyika huku na huku, kijani cha kweli, majani machanga yamesimama. Nimeteleza kwenye kingo, gambuti moja likabaki ndani ya tope, nikaendelea na mguu mtupu.

Nimeuliza akina mama kama kuna aliyetia mbolea. Hapana. Wameapa. Na mbolea isingechagua shina hili ikaliruka lile.

Basi ni nini? Mlango umebadilika. Kuna mashina yamezaliwa na mlango unaofunguka zaidi. Sijui. Sijali kwamba sijui. Nimepiga picha mpaka simu ikazima.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Dakta. Najua, nilipaswa kusubiri. Sikuweza. Zuhura alinishika mkono kabisa akasema pima kwanza, na mimi huku nishabonyeza kutuma.

Ijumaa, 21 Machi

Dakta amekuja. Mtu ambaye hata kwenye harusi yake nasikia hakucheka, leo amechuchumaa kwenye kingo na suruali yake ya kitambaa akisema hee, hee. Kwenye chai amesimama akawatangazia wote. Watu wa mbu wamepiga makofi. Nimejisikia mrefu.

Nimekata majani, nimempa Zuhura atoe DNA. Anafanya kazi na njaa yake bila kulalamika, halafu mimi ndiye ninayelalamika kwamba anachelewa. Nimempikia uji wa futari. Umeungua chini. Amekunywa.

Jumatatu, 24 Machi



Nilikuwa napima urefu. Nikagundua mashina yote ya kijani yana rangi ya zambarau pale chini, shina linapotokea kwenye udongo. Yote. Mbegu zangu nne hazina zambarau, hata moja. Na mashina haya yako kwenye mistari ya mbegu zote nne. Badiliko moja litokee kwenye mbegu nne tofauti, wiki moja, pamoja na zambarau? Haiwezekani. Hata mimi mwenye tamaa ya kuamini siwezi kuamini hilo.

Jioni Zuhura ameniita kwenye mashine. Amenionyesha picha ya DNA: mistari ya mashina ya kijani haifanani na ya mbegu yangu hata moja. Amesema kwa upole, na Zuhura akiwa mpole ujue ni msiba: "Leti, hawa si watoto wako."

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kwa Bibi Sezaria. Nimeamkia, nimepewa kigoda, nimepewa muhogo wa kuchemsha. Nikamuuliza kuhusu mashina ya zambarau. Hakubadilika hata uso.

"Mjukuu wangu, lile jaruba lilikuwa na mapengo. Jaruba lenye mapengo ni aibu ya aliyelipalilia. Watu wanapita njiani wanaona. Nilikuwa na miche imebaki kitaluni kwangu, nikaziba."

Ameziba mapengo. Basi. Kila mpunga unapopandikizwa bonde hili, miche mingine inakufa, na kwenye palizi wanaziba kwa miche iliyobaki kitaluni. Hakuna asiyejua. Hata mama yangu Mahenge anaziba. Nilikataza mbolea, sikukataza kuziba, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kukataza kuziba. Na yeye akaziba akidhani ananisitiri.

Sikumgombeza. Nilitaka.  Nimesema asante kwa muhogo, nikapanda bodaboda, nikalia mgongoni kwa kijana wa watu kutoka kwake mpaka karibu na hospitali. Nimemdanganya Dakta mbele ya kila mtu. Jaribio limeharibika. Mbu wananisubiri.

Halafu pale karibu na hospitali nikamwambia dereva asimame.

Ile miche yake iko kwenye udongo uleule wa njaa. Inakula wapi?

Jumanne hiyohiyo, baadaye

Nimetulia. Naandika ili nisijidanganye tena.

Huenda imekuja na akiba tumboni. Kitalu cha Bibi Sezaria kiko nyuma ya banda la bata, udongo umeshiba. Mche ukitoka pale unaweza kuishi kwa akiba siku kadhaa. Kwa hiyo kijani cha sasa hakina maana. Maana iko kwenye majani yatakayochipua kuanzia sasa. Yakitoka njano, nimekwisha. Yakitoka kijani, mpunga huu una mlango ambao sijawahi kuuona.

Zuhura amesema hii ndiyo mara ya kwanza ananiona nikifikiri kabla ya kutuma ujumbe.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Dakta kila kitu, kwa mdomo, ofisini kwake.   Akasema atawaambia wale wa chai yeye mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angenigombeza.

Lakini hajafunga. Amenipa mpaka mavuno. Sharti moja: yale mashina yakomae humohumo kwenye njaa, na tupime salfa kwenye punje zake. Picha za majani hazimtoshi tena, hasa zangu. Punje zilizoivia kwenye udongo wa njaa. Hapo ataomba fedha za msimu mwingine. Bila hizo, hakuna.

Nimerudi kwa Bibi kuuliza hiyo mbegu inaitwaje. Haina jina. Ni mpunga wa mama yake, basi. Mrefu, unachelewa kuiva, sokoni haupati bei, watoto wake wote wamehamia mbegu za kisasa. Anaupanda yeye peke yake, kipande kimoja karibu na mto, kwa sababu ya ladha. Nikamuuliza akiba ya mbegu. Hana. Ya mwisho aliitwanga kwenye arobaini ya kaka yake, wageni walikuwa wengi kuliko mchele.

Kwa hiyo upo mtoni kwake na upo kwangu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau ya Zuhura, nimekula nikashindwa kufunga kifungo. Dada zake wamejaa nyumba nzima, wameniuliza nitaolewa lini, nikawaeleza habari za protini za kubebea salfeti mpaka wakaniacha.

Kipande cha jeni la mlango tumekipeleka nje ya nchi kisomwe. Majibu ni baada ya wiki nyingi. Mvua haikatiki.

Jumapili, 6 Aprili

Jani jipya! Mashina yote ya zambarau yametoa jani jipya na ni kijani. Nimekaa kwenye kingo nikiyaangalia kama mwehu. Mistari yangu mwenyewe inazidi kupauka, mingine imeshakauka ncha, na katikati yake wageni wa Bibi wananenepa. Akiba ya kitaluni imekwisha zamani, sasa wanakula wenyewe.

Nimeimba njia nzima ya kurudi. Mtu wa baiskeli ameniuliza kama nimetoka ibada.

Jumamosi, 12 Aprili

Mto umepanda. Shamba la Bibi Sezaria la mtoni limekwenda lote. Nimekwenda kumpa pole. Alikuwa anachambua mboga. Alisema maji ni ya kila mwaka, hayamshangazi. Akachambua jani jingine. Kisha: "Umebaki ule wa kwako, basi. Kama nisingeziba ningekuwa sina."

 Alisema vile kama mtu anayesema chumvi imeisha, na ndiyo maana limeniuma. Nimekosa usingizi. Ule si wa kwangu.

Jumatano, 16 Aprili

Majani mapya mengine. Kijani. Mashina yameanza kuvimba, masuke yako ndani. Dakta ameona picha, amejibu neno moja: vizuri. Kwake hilo ni hotuba.

Lakini maji ya bondeni yanarudi nyuma kwa mfereji. Yamefika kwenye kingo ya chini.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Naandika mikono ikiwa imechubuka.

Baada ya ibada nilikwenda moja kwa moja shambani na gauni la kanisani. Kingo ya chini ilikuwa imeanza kuvuja. Nikawapigia akina mama. Wamekuja wote, hata wasiopenda kufanya kazi siku kama ya leo, Bibi Sezaria mbele na jembe begani. Tukajaza viroba udongo, tukapanga, tukashindilia. Maji yakavuja pembeni. Tukaziba pembeni, yakavuja katikati. Mpaka alasiri ilikuwa wazi kwa kila mtu. Jaruba la njaa linazama, na maji haya hayaondoki kesho wala keshokutwa.

Jaruba la juu limeinuka. Pale maji hayafiki. Lakini pale ni kwenye SA. Nikiyahamisha mashina kule yatakula salfeti mpaka yashibe, na punje zake hazitamthibitishia mtu kitu chochote. Sharti la Dakta lilikuwa humohumo.

Nilisimama ndani ya maji ya magotini nikitafuta njia ya tatu. Nusu hapa, nusu kule? Nusu ya hapa ingekufa, nami nilijua. Niliomba maji yakome. Hayakukoma. Nilikuwa na hasira, kwa mto, kwa Dakta, kwa Bibi na miche yake. Nikamtazama. Hakuniomba. Alikuwa anaokota kandambili iliyokuwa inaelea. Kama angeniomba pengine ningekataa, ndivyo nilivyo.

Nikasema tung'oe yote.

Tumeng'oa kila shina la zambarau na bonge lake la udongo, tumebeba kwenye mabeseni na kwenye khanga, tumepanda kule juu katikati ya mpunga ulioshiba. Bibi aliyashindilia mwenyewe moja moja. Tulipomaliza jaruba la njaa lilikuwa ziwa dogo, na majani ya njano yakichungulia.

Najuta? Sijui. Nimechoka mno kujuta. Ila nilipokuwa nabeba beseni la mwisho nilifurahi. Nalisema hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelielewa.

Jumanne, 22 Aprili

Dakta alisimama kwenye kingo akitazama maji. Akaniuliza kwa nini sikuacha hata shina moja. Nikamwambia lingekufa. Akasema lingekufa likiwa jaribio.

"Umefanya kazi ya mkulima, Leticia. Hukufanya ya mtafiti."

Imeniingia mpaka kwenye mifupa. Nimesema ndiyo, Dakta. Mwezi Mei naanza kwenye mbu. Shamba litafungwa baada ya mavuno.

Jumatano, 30 Aprili

Mashina yamestahimili kuhamishwa. Mawili tu yamekufa. Masuke yanatoka, marefu, na manyoya mekundu. Nakwenda kabla ya kazi, naondoka bila kumwambia mtu.

Alhamisi, 15 Mei

Mbu siku nzima. Nahesabu mbu, nawaota mbu. Si wabaya sana. Nao wana ukoo wa milango yangu tumboni mwao, nimewaambia wenzangu, wakanitazama.

Saa tisa Zuhura akaja mbio na koti lake la maabara, Zuhura ambaye hata mvua haimkimbizi. Majibu ya jeni yamerudi. Tulikaa kwenye ngazi na kompyuta mapajani. Kwenye mbegu zangu nne, kipande cha mbele ya jeni la mlango, kile kinachouamuru uamke au ulale, kimefanana kabisa. Kwenye mpunga wa mama yake Bibi Sezaria kiko tofauti. Kipande kizima kimeongezeka, kimejirudia. Inawezekana ndicho kinachoamrisha mizizi itengeneze milango mingi zaidi pindi salfeti inapoadimika. INAWEZEKANA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili nijikumbushe.

Nimepiga kelele. Zuhura amepiga kelele. Mlinzi akaja na fimbo.

Ijumaa, 16 Mei

Safari hii nilimwachia Zuhura aeleze, mimi nikakalia mikono yangu. Dakta alisoma karatasi, akarudia, akavua miwani. Amesema huu si ushahidi. Ni sababu nzuri ya kutafuta ushahidi, na kwa sababu nzuri anaweza kuomba msimu mmoja. Kisha akaniuliza kama mbegu ipo.

Ipo, Dakta.

 Akasema haya. Akaandika barua ya maombi mbele yetu huku tumesimama. Nilitaka kumkumbatia, nikamshukuru kwa sauti kubwa mno.

Jumapili, 8 Juni

Leo tumevuna. Kazi ndogo, ya watu wawili. Bibi Sezaria alikata suke moja moja kwa kisu kidogo, hakutaka mundu, akiimba chini chini wimbo wa misa ya leo. Maji yameondoka bondeni na tope limepasuka. Nilipokea masuke kwenye khanga. 

Tulipura kwa mikono barazani kwake, tukapepeta. Punje ndefu, nyembamba, zina wekundu kwa mbali. Hazikujaza hata bakuli la mboga. Aliziangalia kwa muda, kisha akazigawa mafungu mawili juu ya ungo, akatoa huku akaongeza kule, mpaka fungu moja likawa kubwa kidogo. Nilidhani hilo ni lake. Akalisukuma kwangu.

"Haya. Hizi zako kazishindishe njaa. Hizi zangu nitazilisha."

Nimecheka mpaka machozi, naye akacheka, hatukuwa na haraka ya kuacha. Nimerudi kwa miguu. Sasa ziko juu ya kabati, kwenye bakuli lenye kifuniko na jiwe juu yake, panya wasifike. Zuhura amelala. Mimi nimeinuka kuzitazama tena.